Jangwa Lililo Juu ya Mawingu: Kweli na Si Kweli za Siku Moja Kati ya Mawenzi na Kibo

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nyumbani Mbozi Mission, nilikaa kwenye benchi nje ya kanisa la Moravian, na watu wakanizunguka. Nilikuwa nimesema jambo moja tu: kwamba nimetembea jangwani siku nzima, humu humu Tanzania, na nikalala huko kwenye hema. Mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa. "Mwanangu, jangwa ni lile walilopita wana wa Israeli. Sisi tuna mvua na buni."

Maswali yaliyofuata pale kwenye benchi, na mengine niliyoulizwa baadaye sokoni Mlowo, ndiyo nimeyakusanya hapa. Nimeyachukulia kwa uzito wote, kwa sababu vijana watatu wa kwaya yetu wanajiandaa kwenda Kilimanjaro, na baadhi ya mambo wanayoyaamini yanaweza kuwaua.

Njia niliyopita inaitwa Rongai. Inaanzia kaskazini mwa mlima, karibu na mpaka wa Kenya, na wengi huimaliza kwa siku 6 au 7, wakilala kwenye mahema. Siku ninayoisimulia ni ile ya kutoka kambi ya Mawenzi Tarn, iliyo kwenye mita 4,300 hivi, kuvuka uwanda ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo hadi kambi ya Kibo, mita 4,720. Watu wa mlimani huuita uwanda huo Saddle.

"Tanzania hatuna jangwa."

Si kweli. Wanajiografia hulipima jangwa kwa mvua, hawatafuti mchanga wala ngamia. Mahali panapopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka huitwa jangwa. Msitu wa kusini mwa Kilimanjaro, juu ya vijiji vya Machame na Marangu, hupata zaidi ya milimita 2,000. Panda kutoka hapo hadi kuvuka mita 4,000, na utakuta mvua imeshuka hadi kwenye hizo 250 au pungufu yake. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi husukumwa juu na mlima, yakapoa na kumwaga maji yao msituni. Hewa inayofika juu imekwisha kukamuliwa. Na kile kidogo kinachodondoka huko, iwe mvua au theluji, hakikai: udongo wa majivu ya volkano unavuja kama chekeche, jua linakausha, na upepo unamalizia.

Upande wa kaskazini nilikopita mimi ni mkavu kuliko kusini, kwa hiyo badiliko hilo unaliona kwa macho. Siku ya kwanza tulipita mashamba na msitu mwembamba. Siku ya pili ilikuwa vichaka vinavyofika kiunoni, na siku ya tatu vichaka hivyo vikawa vinafika gotini. Asubuhi ya Saddle, tulipovuka ukingo wa Mawenzi na kuteremka upande wa pili, palikuwa na ardhi tupu yenye rangi ya kahawa iliyokaangwa, imetanda hadi miguuni mwa Kibo, bila mti hata mmoja. Kufikia adhuhuri nilikuwa na vumbi kwenye meno. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Nyumbani hata usiku wa manane kuna mbwa, kuna lori linalokwenda Tunduma. Kule mtu wa mbele akikanyaga jiwe, unalisikia.

"Mawe ya kule yameanguka kutoka mbinguni, kama Kimondo chetu."

Mtoto mmoja ndiye aliyeniuliza hivyo baada ya kuona picha, na swali lake lina akili. Kimondo cha Ndolezi, chenye urefu wa kama mita 3, kweli kilitoka angani, nacho ni chuma. Mawe meusi ya Saddle yalisafiri kinyume chake: yalitoka tumboni mwa ardhi. Mawenzi na Kibo zote ni volkano. Mawenzi imekufa na kumomonyoka hadi kubaki magenge. Kibo imelala tu, na kwenye kreta yake bado kuna matundu yanayotoa gesi ya salfa.

"Jangwa ni joto."

Nusu kweli, na nusu ile isiyo kweli ndiyo inayowakuta watu wamevaa fulana moja. Asubuhi ile maji ya chupa niliyoiacha mlangoni mwa hema yalikuwa yameganda. Zipu ya hema ilikuwa na ukoko mweupe. Kufikia saa nne nilikuwa nimevua koti na sweta. Wingu likapita mbele ya jua na ndani ya dakika tano nikavirudisha vyote. Hewa nyembamba na kavu haitunzi joto: jua likitoka unaungua, likizama joto lote linapaa. Zaidi ya hayo, kwa kila mita 1,000 unazopanda, nyuzijoto hushuka kwa 6 hivi. Ndiyo maana mwili wangu, uliozoea ukungu wa Juni wa Mbozi na kuuita baridi, ulishangaa.

Kutokuamini baridi ya Kilimanjaro kuna historia ndefu. Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele. Alipomuuliza mwongozaji wake ni kitu gani, yule bwana alijibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Wasomi wa Ulaya, akiwemo William Desborough Cooley wa London, walikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi uliendelea kwa miaka, hadi Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862. Yule mwongozaji alikuwa amekwisha kusema ukweli wote.

"Sisi wa nyanda za juu hatuwezi kuugua mlima."

Hili ndilo lililonipeleka pabaya, na nitakaa nalo.

Nilikwenda nikiamini. Mbozi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nimekua nikipanda vilima na gunia la buni mgongoni, na wenzangu wa kundi walikuwa watu wa Dar es Salaam. Nilijua nani ataanza kulalamika. Hesabu yenyewe ni hii: kwetu, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Kambi ya Kibo ni karibu asilimia 57. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu. Uwiano wa oksijeni hewani haubadiliki, ni ule ule wa asilimia 21 kila mahali, lakini hewa yenyewe imepungua, kwa hiyo kila pumzi inaleta kidogo. Faida niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imekwisha siku ya pili. Kuanzia hapo sote tulikuwa wageni.

Nguvu hazisaidii pia. Ugonjwa wa mlima hauchagui mnene wala mwembamba, kijana wala mzee, mkimbiaji wala mkaa ofisini. Tena vijana wenye misuli hupata shida kwa sababu wanaweza kwenda mbio, na mbio ndizo zinazoudhi mwili. Kinachosaidia ni muda: kupanda polepole, kuongeza siku, kupanda juu kidogo mchana na kurudi kulala chini. Neno "pole pole" ambalo wapagazi hulirudia kutwa nzima, na ambalo nilidhani ni la kuwafurahisha wageni, ni dawa.

Kichwa kilianza kuniuma katikati ya Saddle, saa sita hivi, nyuma ya macho. Nikanyamaza. Jioni iliyotangulia mwongozaji alikuwa ametuuliza mmoja mmoja: umekula? umelala? kichwa? tumbo? Nilikuwa nimejibu vizuri, na sikutaka kubadili jibu mbele ya watu wa Dar. Nikaendelea kutembea nikihesabu hatua.

Basi vijana wangu wa kwaya, sikieni. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi: hizo ni dalili za mwanzo, na mtu mwenye nazo hapandi zaidi mpaka ziishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganya maneno, ubongo unavimba. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, akikohoa, hasa akitoa mate yenye povu au rangi ya damu, mapafu yanajaa maji. Hali hizo mbili huua kwa saa chache, na tiba yake ya kwanza ni moja: kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama anakataa. Anayekataa kushuka huku anayumba hajui tena anachokataa.

"Ukinywa maji mengi huugui."

Si kweli. Maji ni lazima, kwa kuwa hewa kavu inakukausha kwa kila pumzi, na ukikauka kichwa kinauma pia. Lakini maji hayaleti oksijeni. Mtu anaweza kunywa lita 4 na bado akaugua.

Yanakotoka maji hayo ni habari nyingine. Kambi ya Kibo haina chemchemi. Kila tone la chai, la supu na la kunawa limepandishwa kwa mabega ya watu kutoka chini. Kwenye njia ya Marangu, sehemu ya mwisho ya kuteka maji iko mita 4,200 hivi, mwendo wa saa kadhaa kabla ya kambi. Kwenye njia ya Machame, maji ya kambi ya Barafu hutoka bonde la Karanga, kambi moja nyuma. Baada ya kumwona kijana akiingia na dumu kichwani, sikumwaga tena maji ya kikombe.

"Mtu mweusi haunguzwi na jua."

Si kweli. Ngozi yetu ina kinga, lakini kinga hiyo ina mpaka. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na kwenye Saddle hakuna kivuli hata cha jiwe. Midomo yangu ilipasuka, pua ikabambuka. Macho ndiyo hayana kinga kabisa: bila miwani ya jua, hasa penye theluji, mtu anaweza kupofuka kwa siku moja au mbili.

"Hakuna kinachoishi kule."

Si kweli, na ningeandika kurasa kumi juu ya hili. Vichaka vidogo vya maua makavu meupe, yale yasiyonyauka hata ukiyachuma, vinajibanza nyuma ya mawe. Kuna mabaka ya kuvu-mwani ya rangi ya machungwa juu ya lava. Chini kidogo, kwenye mabonde, kuna miti ya seneshio yenye kimo cha kuzidi mtu, inayobaki na majani yake yaliyokufa yakiwa yamezunguka shina, ili yawe blanketi la usiku. Kuna lobelia zinazofunga majani yake jua linapozama ili kulinda chipukizi lisigande, na asubuhi zinayafungua. Kunguru wenye shingo nyeupe walitusindikiza tangu kambini, wakijua saa ya chakula kuliko sisi. Pofu huonekana wakivuka uwanda huo, ingawa mimi niliona nyayo tu.

Wengine wamefika juu zaidi, na haijulikani walifuata nini. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch aliukuta mzoga wa chui uliokauka na kuganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo. Chui huyo ndiye aliyeingia kwenye hadithi ya Ernest Hemingway miaka 10 baadaye. Mwaka 1962 Wilfred Thesiger na wenzake waliona mbwa mwitu watano karibu na kilele, kwenye barafu, wakiwatazama.

"Ukiiona kambi, umefika."

Si kweli hata kidogo. Hewa ni safi mno, hakuna mti wala nyumba ya kukupa kipimo. Paa za kambi ya Kibo zilionekana tukiwa bado na saa tatu za kutembea. Kwa mbali pia yapo mabaki ya ndege ndogo iliyoanguka Novemba 2008. Niliyaona nikadhani ni hatua mia tatu. Tulitembea, tukatembea, na ndege ikabaki pale pale.

"Wapagazi wamezoea, hawasikii baridi."

Nani alisema? Hili nililisikia kwa watu watatu tofauti, na la mwisho kutoka kwa mtu mwenye elimu. Si kweli, na linaumiza kuliko mengine kwa sababu anayelilipia si anayelisema.

Wapagazi hujiita wagumu. Wanaondoka kambini baada yetu, wakiwa wamefungua mahema na kuosha vyombo, wanatupita njiani na mizigo kichwani, na tunawakuta mbele wamekwisha kusimamisha kila kitu na maji yanachemka. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Lakini miili yao ni miili. Ugonjwa wa mlima huwapata. Baridi huwaua, hasa wale wanaopanda na viatu vya raba na koti la kuazima, wakilala wengi kwenye hema moja la kulia chakula. Wapo waliokufa mlimani humo wakiwa kazini. Nilimuuliza mmoja wa kundi letu, kijana wa Rombo mwenye umri wa mdogo wangu, kama anasikia baridi. Alinitazama kwa mshangao. "Kaka, sana. Ila nani ananiuliza?"

Kabla ya kulipia safari, uliza kampuni: wapagazi wanalala wapi, wanakula mara ngapi, wanalipwa kiasi gani kwa siku na wanalipwa lini. Anayekasirika kwa maswali hayo, hama.

"Tone la pombe linapasha mwili joto."

Si kweli. Linafungua mishipa ya ngozi, unajisikia joto huku joto la ndani linatoroka. Na usingizini linapunguza kasi ya pumzi, saa ambayo unaihitaji kuliko zote.

"Ukiacha kahawa ghafla, kichwa kitakuuma."

Kweli, na watu wa Mbozi tulijue hili. Mtu aliyezoea vikombe vitatu kwa siku akiviacha kwa sababu amesikia kahawa inakausha mwili, hupata maumivu ya kichwa yanayofanana na ya mlima, na mwongozaji hawezi kujua lipi ni lipi. Kahawa kwa kiasi ulichozoea haina ubaya. Nilibeba yangu kutoka nyumbani, nikaipikia kundi zima.

"Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito ya Moshi itakauka."

Si kweli kwa sehemu kubwa, ingawa barafu yenyewe inakwisha kweli: ya mwaka 1912 ilikuwa imepotea kwa asilimia 85 kufikia 2007. Nikiwa Saddle nilitarajia kuvuka vijito vinavyotoka Kibo. Hakuna. Sehemu kubwa ya barafu ile hupaa moja kwa moja kuwa mvuke bila hata kuwa maji. Mito ya Kilimanjaro inazaliwa na msitu, ule wa milimita 2,000. Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020, ulioteketeza vichaka vya juu ya msitu kwa siku nyingi, ulinitisha nilipousikia, na nilipoona miti meusi iliyosimama nilielewa kwa nini kuni ni marufuku mlimani na mapishi yote ni ya gesi.

"Kupanda mlima ni mambo ya wazungu."

Si kweli. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, nchi yetu ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kibo. Jina Uhuru la kilele linatoka hapo.

"Watu hupanda usiku ili wasione wanakopita wakaogopa."

Waongozaji wenyewe hulisema hili kwa kucheka, na kuna chembe ya ukweli. Lakini sababu za kazi ni nyingine. Usiku changarawe huganda na miguu hairudi nyuma, asubuhi anga huwa safi kabla mawingu hayajapanda, na mtu anapata mchana mzima wa kushuka.

Tulifika kambi ya Kibo saa tisa alasiri. Upepo ulikuwa unapiga mahema kama shuka kwenye kamba. Nilikunywa supu nusu bakuli, nikaitapika nyuma ya jiwe, nikarudi nikalala. Saa tano usiku mwongozaji alikuja na taa, akachuchumaa mlangoni, akauliza yale maswali yake. Umekula? Umelala? Kichwa? Wenzangu walikuwa wanafunga viatu, nasikia velkro zao. Nikasema ukweli: kichwa tangu saa sita mchana, nimetapika, sijalala.

Hakunilaumu. Aliniambia nitembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole, nikaweza. Akasema, "Sawa. Wewe unashuka." Akamwita msaidizi wake, na kijana wa Rombo akasema atakuja nasi kubeba mkoba wangu. Tukaivuka Saddle tena, safari hii kwa njia ya Marangu kuelekea Horombo, mita 3,720, chini ya nyota nyingi mno, ardhi ikilia chini ya buti kwa kuganda. Nyuma yetu taa za wenzangu zilikuwa zinapanda Kibo kwa mstari mmoja mwembamba.

Kichwa kiliacha kuuma kabla hatujafika. Sikujua kiliacha saa ngapi. Niligundua tu kwamba nasikia njaa. Horombo kulipopambazuka mpishi wa kundi jingine alitugawia uji, nami nikanywa bakuli mbili, na kijana wa Rombo tatu.

Pale kwenye benchi la Mbozi Mission, mzee wa kanisa aliniuliza cheti kiko wapi. Nikamwambia sina. Akafikiri, kisha akamgeukia kijana mmoja wa kwaya, yule mrefu wa besi ambaye hukimbia kutoka Mlowo hadi nyumbani bila kusimama, akamwambia asogee karibu asikilize ile sehemu ya kichwa tena.